Ushuhuda wa Maumivu, Ushahidi wa Tiba

Mzizi mmoja wa Kiarabu, sh-h-d, umekizalia Kiswahili ukoo mzima. Kuna shahidi anayeitwa mahakamani, na shahidi aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Kuna shahada anayoitamka Mwislamu kwa ulimi na kuisadiki moyoni, na shahada anayokabidhiwa mhitimu siku ya mahafali. Halafu kuna ndugu wawili wanaofanana hata watu huwachanganya: ushuhuda na ushahidi. Ushuhuda ni maneno ya aliyepatwa. Ushahidi ni kile kinachosimama hata mpatwa akiwa hayupo, na hata msikilizaji akiwa hamjui wala hampendi.

Hapa Kigali maneno haya hayatamkwi kwa wepesi. Kila Aprili, katika siku za kumbukumbu ziitwazo Kwibuka, manusura wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hutoa ubuhamya, na msemaji wa Kiswahili wa mtaa wa Nyamirambo akitaka kumweleza mgeni husema ushuhuda, hasemi ushahidi. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili za mauaji hayo, zilianza na ushuhuda, na kazi yao ngumu ilikuwa kuufikisha kwenye ushahidi. Kinyarwanda kina njia yake katika jambo hili. Ushahidi wa mahakamani kinauita ibimenyetso, yaani alama, na ibimenyetso hizohizo ndizo dalili za ugonjwa anazoulizwa mgonjwa na daktari. Lugha moja imeweka hukumu na ugonjwa chini ya neno moja. Nyingine imetenganisha sauti ya mtu na uthibitisho wa jambo. Zote mbili zina faida kwa yeyote anayeandika kuhusu maumivu.

Nayasema haya kwa sababu ya mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kigali inao wake katika hesabu hiyo: karani-ngufu anayebeba magunia tangu alfajiri (Wanyarwanda walimchukua karani wa ofisini wakamtwika mzigo, na jina likakaa), motari anayeshinda juu ya pikipiki akipanda na kushuka vilima, mama anayelima ameinama. Wakizidiwa huenda kine. Ndivyo mji unavyoiita fiziotherapia, kwa kipande cha neno la Kifaransa kilichobaki baada ya mengine kudondoka, na mtu wa mtaa wa Biryogo anayesema Kiswahili atakwambia bila kusita, “Naenda kine, nitarudi saa nane.”

Huko kine swali la mwanzo karibu halibadiliki: “Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?” Mama hutazama dari, hufikiri, hujibu “saba”, kisha hujirekebisha, “usiku ni tisa.” Hapo ushuhuda ndio unaotawala. Hakuna kipimo cha damu kinachosoma maumivu. Picha ya uti wa mgongo wa mtu asiyeumwa popote huweza kuonyesha diski iliyochakaa, na ya mtu anayekesha akilia ikatoka safi. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilitoa fasili yake ya maumivu mwaka 1979 na kuirekebisha mwaka 2020, na katika maelezo yaliyoongezwa safari hii kikaandika wazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Na kwamba asiyeweza kusema si lazima awe haumwi.

Sarufi ya Kiswahili ililiweka hilo wazi kitambo. Mara nyingi hatusemi tuna maumivu kama mtu anavyosema ana mbuzi. Tunasema mgongo unaniuma, kichwa kinaniuma: kiungo ndicho mtenda, mimi ndiye ninayeng'atwa, kwa kitenzi kilekile cha mbwa na nyoka. Maumivu ni nomino iliyozaliwa na kung'atwa huko. Kinyarwanda kinakwenda mbali zaidi: mu nda harandya, tumboni kunanila. Katika lugha zote mbili, mwenye habari kamili ni yule anayeumwa. Tabibu anayemkatiza mama wa saba na tisa ili aitazame picha ameifunga njia pekee ya kuyajua maumivu hayo.

Lakini mambo yanageuka pale tunapouliza swali la pili: dawa gani, zoezi gani, mkono gani uliomponya? Hapo ushuhuda, pamoja na heshima yake yote, hautoshi.

Sababu yake si kwamba watu husema uongo. Mtu haendi kwa mtabibu siku aliyo nafuu, huenda siku mgongo umemshinda. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na aliyeingia mlangoni yakiwa kileleni ana njia kubwa ya kushuka, awe amechuliwa kwa mafuta, amedungwa sindano, au amelala tu kwake. Akipata nafuu wiki inayofuata atatoa ushuhuda wa kweli kabisa: nilitumia, nikapona. Asichoweza kukijua ni kingetokea nini asingetumia. Hana maisha mawili, moja la kutumia dawa na moja la kuiacha, ayalinganishe. Kikundi cha watu wengine, wanaofanana naye kwa kila kitu isipokuwa tiba hiyo, ndicho kinachosimama mahali pa maisha yale ya pili. Vitabu vingine hukiita kikundi dhibiti, jina linalonukia polisi. Kikundi linganishi ni bora, kwa kuwa jina hilo linasema kazi yake.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Houston, Marekani. Mwaka 2002 daktari wa upasuaji Bruce Moseley na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika. Baadhi walisafishwa goti kwa vifaa, baadhi wakaoshwa goti kwa maji tu, na baadhi walikatwa ngozi mahali palepale, wakashonwa, bila goti kuguswa ndani. Wote waliambiwa mapema kwamba huenda wakaangukia kundi hilo la mwisho, na wakakubali kwa maandishi. Walifuatiliwa miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji halisi hawakuwa na nafuu zaidi ya waliochanjwa ngozi tu. Kabla ya hapo upasuaji huo ulifanywa kwa mamia ya maelfu ya watu, na kila daktari alikuwa na wagonjwa waliorudi kumshukuru. Shukrani zile zilikuwa ushuhuda. Ushahidi ulisema vingine.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti inaposomwa kwa mgonjwa huku kwetu, maneno ndiyo yanayoamua kama ameridhia au ametia dole gumba tu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya Rwanda, na fomu za namna hiyo ni mojawapo ya mahali ambapo urasmi huo unapaswa kumfikia mtu wa kawaida.

Neno la kwanza ni jaribio, na limechoka. Katika sala majaribu ni mitego ya shetani. Redioni jaribio ni mapinduzi yaliyoshindikana. Mtaani “wanatufanyia majaribio” maana yake wanajifunzia juu yetu. Oktoba 2024, virusi vya Marburg vilipokuwa vimeingia Rwanda na wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya, chanjo iliyokuwa bado kwenye utafiti ilianza kutolewa siku chache tu baada ya mlipuko kutangazwa. Wahudumu wa Kigali walioinua mkono wa shati walijua kwamba hiyo ni chanjo ya majaribio, na walijua kwa nini wanachanjwa. Neno halikuwazuia kwa sababu walielezwa. Ndiyo maana siligombi neno jaribio. Ninachotaka ni lisiachwe peke yake bila maelezo.

Neno la pili ni nasibu. Kamusi zinatupa jaribio nasibu, nalo ni sahihi, ila masikio ya watu yamezoea bahati nasibu, tiketi na zawadi. Mgonjwa akisikia kwamba tiba yake itaamuliwa kwa nasibu anadhani anachezewa kamari. Mimi napendelea kura: utapangiwa kundi kwa kura, kila mmoja ana nafasi sawa, na daktari hachagui. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo moyo wa jambo. Daktari akichagua mwenyewe, bila hila yoyote atawapeleka walio dhaifu upande mmoja na wenye nguvu upande mwingine, kisha ataisifu tiba kwa kazi iliyofanywa na nguvu zao.

Watu wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuazima mifano ya kura hiyo kutoka mbali. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waligawanywa kwa njia hiyo katika utafiti uliofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wengine walitumia dawa kwa miezi 6, wengine kwa miezi 18 kama ilivyokuwa desturi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yakaonyesha kwamba miezi 6 yenye mchanganyiko sahihi wa dawa inatosha. Tiba ya miezi 6 iliyoenea duniani baadaye ina deni kwa watu hao, na hakuna mnara wao popote ninapopajua.

Neno la tatu ndilo linaloniumiza kichwa: bandia.

Katika utafiti, kundi linganishi mara nyingi hupewa kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Wengi wetu tumekiita dawa bandia. Lakini dawa bandia ndiyo pia jina ambalo mamlaka za dawa hutumia kwa bidhaa za kughushi, zile zinazokamatwa mipakani na kuchomwa moto. Mtu amesikia tangazo redioni asubuhi kwamba dawa bandia zinaua; mchana anasomewa fomu inayosema huenda akapewa dawa bandia, na aweke sahihi hapa. Akikataa, nani atamlaumu?

Na bado bandia ina sura ya tatu, nayo ni ya heshima. Mguu bandia. Rwanda inaijua sura hiyo. Kituo cha Gatagara, wilayani Nyanza, kilianzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mtandao wake umefika hadi Gikondo hapa mjini. Mwaka 1997 Gatera Rudasingwa na mkewe Mami walianza hapa Kigali mradi wa Mulindi Japan One Love, wakitengeneza miguu na kuwapa watu bila malipo, katika nchi ambayo mapanga na mabomu ya kutegwa yaliacha wengi bila viungo. Mtu aliyetembea tena kwa mguu huo hatakubali uitwe wa uongo. Kinyarwanda kimemstahi zaidi: insimburangingo, kisimamacho mahali pa kiungo. Ndani yake hakuna hata harufu ya kughushi.

Kwa hiyo napendekeza tuiache bandia kwa mguu, ambako imeshazoeleka na haidhuru, na kwa bidhaa za magendo, ambako inastahili. Kwenye fomu ya utafiti tuandike kwa urefu: kidonge kisicho na dawa. Ni maneno manne mahali pa mawili, na kila mtu ataelewa. Wataalamu wakitaka istilahi fupi kati yao, plasebo ipo na haidanganyi mtu.

Kuna utafiti mmoja mdogo ambao unakutanisha mguu na plasebo, na ninautaja kwa sababu hapa mjini kuna watu unaowahusu. Aliyekatwa mguu mara nyingi huumwa na mguu ule ambao haupo: vidole vinakakamaa, kisigino kinawaka moto. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya askari waliokatwa miguu, waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilitazama mguu mzima kwenye kioo, ukaonekana kama miwili. La pili lilikuwa na kioo kilichofunikwa. La tatu lilifumba macho na kuuwaza mguu. Baada ya wiki 4 wote sita wa kioo kilicho wazi walikuwa na nafuu. Wa kioo kilichofunikwa, mmoja tu. Kioo kilichofunikwa, ndicho hicho kidonge kisicho na dawa. Waliomaliza utafiti huo walikuwa 18 tu, na tafiti zilizofuata zimetoa majibu yasiyolingana, kwa hiyo atakayekwambia kioo kimethibitishwa ameharakisha. Lakini swali liliulizwa kwa haki, na hilo ni jambo la kujifunza kwa kila kine yenye kioo ukutani.

Nikitoka hapo, nipite haraka kwenye upofu. Vitabu husema jaribio pofu na upofu maradufu, kwa maana kwamba mgonjwa hajui anapata nini, wala anayempima hajui. Nchi yenye shule za watoto wasioona ingefaa kuliacha neno hilo. Jaribio la siri latosha. Na katika kine siri kamili haiwezekani: anayeinua uzito anajua anainua uzito. Kinachowezekana ni kumficha mpimaji, yaani anayeuliza lile swali la sifuri hadi kumi asijue nani alifanya mazoezi na nani hakufanya. Ukisoma utafiti wa fiziotherapia, hilo ndilo la kutazama kwanza.

Sugu nalo halinipi amani. Maumivu sugu ndiyo istilahi iliyozoeleka kwa maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3, na ndivyo Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022 unavyoyapima. Lakini sugu ni ngozi iliyokomaa: ya kiganja cha mshika jembe, ya paji la uso la anayesujudu sana. Tukaipeleka kwa mhalifu asiyekanyika na kwa vimelea visivyosikia dawa. Mwambie mtu maumivu yake ni sugu, naye husikia kwamba hayatatoka. Kinyarwanda hakimfariji zaidi, kwani indwara zidakira ni magonjwa yasiyopona. Fasili yenyewe inazungumzia muda tu, haitabiri chochote. Hofu ya kwamba mgongo umeharibika milele ni mojawapo ya mambo yanayomzuia mtu kuusogeza, na asipousogeza, maumivu huzidi. Maumivu ya muda mrefu: tuseme hivyo, tunyamaze hapo.

Neno ambalo sina ugomvi nalo kabisa linatoka Tanzania: utengamao. Wizara ya Afya huko hulitumia kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo baada ya ajali, kiharusi au maradhi. Kwingine husema urekebishaji, na urekebishaji ni wa gari na wa vijana watukutu. Rwanda inasema ubugororangingo, unyooshaji wa viungo, kutoka kugorora. Na kutoka kitenzi hichohicho limetoka igorora, jina la kazi ya magereza. Kurekebisha na kugorora vina mtenda anayenyoosha na mtendwa anayenyooshwa. Kutengamaa hakuna anayemfanyia mwenzake; mtu hutengamaa mwenyewe, akisaidiwa. Ushahidi wa miaka ya karibuni juu ya mgongo umesimama upande wa neno hilo.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya saikolojia inayohusu fikra na mwenendo, baadhi ya tiba za mikono kama kuchua, na baadhi ya dawa za kupunguza uvimbe. Halipendekezi kuvuta mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni, wala mkanda wa mgongo. Mkanda! Ule mpana mweusi, wenye vyuma vyepesi ndani na utepe wa kunata mbele, ambao motari huuvaa juu ya shati na mama huufunga chini ya kitenge. Aliyeununua ana ushuhuda nao, na ushuhuda wake ni wa kweli. Ila pesa hiyohiyo ingelipia vikao vya kine.

Kwenye dawa za jamii ya afyuni, kama mofini, kuna mtego mwingine. Rwanda ilikuwa nchi ya mwanzo barani Afrika kuwa na sera ya taifa inayojitegemea ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, mwaka 2011, na baadaye ikaanza kutengeneza mofini ya maji hapahapa nchini kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wengine walio katika mateso makali. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Mofini ileile, kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, ushahidi hauiungi mkono. Mtu asiyeuliza ushahidi ni wa nini na kwa nani atamnyima mwenye saratani haki yake, au atamzoesha mwenye mgongo dawa asiyoihitaji. Ushahidi hujibu swali lililoulizwa, haujibu mengine.

Wanaojua haya hapa mjini si wachache. Taasisi ya Afya ya Kigali ilianzishwa mwaka 1996 ikafundisha wataalamu wa fiziotherapia wa kizazi cha baada ya 1994. Tangu 2013 kazi hiyo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Wao wanasoma tafiti kwa Kiingereza, wanafundishana kwa Kiingereza na Kifaransa, na wanamhudumia mgonjwa kwa Kinyarwanda au Kiswahili. Daraja la mwisho hilo ndilo lisilo na nguzo za kutosha.

Ombi langu liende kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, kwa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania), na kwa kamati za maadili zinazopitisha tafiti Kigali, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Msipitishe fomu ya ridhaa ya Kiswahili kwa kuangalia tu kama inalingana na ile ya Kiingereza. Ipelekeni Biryogo, isomwe kwa sauti mbele ya watu ambao hawajasoma tiba, kisha waulizwe kura ni nini, kidonge kisicho na dawa ni nini, na kama wanaruhusiwa kujitoa. Wakishindwa kujibu, fomu irudi kwa mwandishi.